MJADALA WA MITAA MITATU YA MWANZA: Timu za mtaani zing'oe gugu maji, au zianzie Mto Mirongo?

Kirumba: Hoja ni hii: timu za soka na wapiga makasia wa mwambao wa Ziwa Victoria waungane, kila timu itoe watu 20 Jumamosi moja ya mwezi, wang'oe gugu maji. Naunga mkono. Vijana wapo, mitumbwi ipo, na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ukizibwa mvuvi analala bila mboga nyumbani.

Igogo: Napinga kwa hesabu. Kwenye joto na maji yenye rutuba, gugu huongezeka maradufu ndani ya wiki 2 hivi. Ukitoa nusu leo, mwisho wa mwezi limeshajaa palepale. Mbegu zake hukaa topeni zaidi ya miaka 15. Halafu wapo mbawakavu walioletwa ziwani miaka ya 1990 walile. Geuza jani: ukiona vikovu vidogo vya kahawia, kama limekwanguliwa kwa kucha, wamo. Ukiling'oa hilo umewatupa na wao.

Luchelele: Kweli kabisa kwa zulia kubwa la ghubani. Ila shada jipya la ukubwa wa meza, lililonasa pembeni, hilo ni la mkono, kabla halijatoa ua la zambarau. Litoke na mizizi, lianikwe mbali, pasipofikiwa na mafuriko. Kipande kikirudi majini kinachipua. Matete na mafunjo msiyaguse kabisa! Yanachuja maji, na sato wadogo hujificha humo. Na kichocho jamani: konokono wake hukaa kwenye magugu. Buti ndefu zisizovuja, na tusiingie majini kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Dawa ya kichocho inatibu, haikingi.

Igogo: Basi tuanze Mto Mirongo, taka za mjini zinakoshukia kuingia ziwani. Wavu wa goli haufai, chupa zinapenya. Fungeni madumu matupu ya lita 20 kwenye kamba nene, ikae mshazari. Mkikatiza mto moja kwa moja, mvua ya kwanza taka zinalundikana katikati na kamba inakatika. Mshazari huzisukuma ukingoni, mnazitoa kwa reki.

Luchelele: Madumu hayazuii maji ya vyoo, kaka, na hayo ndiyo yanayolilisha gugu.

Kirumba: Hilo ni la halmashauri, tuwabane. Mshazari nimeukubali, ila mashada ya mwaloni siyaachi. Sasa semeni: mvua ikinyesha Jumanne usiku, alfajiri timu gani iko mtoni na reki?