Vijana tumechoka kuitwa kupigwa picha baada ya maamuzi kupitishwa

Ndugu wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao cha vijana kuhusu sera za kimataifa, katika hoteli moja hapa Upper Hill, Nairobi, nasi tukaahidiwa kwamba maoni yetu yangeingizwa katika waraka wa pamoja. Tulipoketi tulikuta waraka wenyewe mezani, umeshachapishwa kwa karatasi ya kung'aa, na ukurasa wake wa mwisho ukieleza kwamba vijana wameshirikishwa kikamilifu. Kipaza sauti kilikuwa hakijatufikia, na tayari kauli zetu zilikuwa zimeandikwa na watu wengine. Tulitia saini karatasi ya nauli, tukapigwa picha, tukaagwa.

Huu ndio mtindo, na hauanzii hotelini. Mwezi Mei 2024, mashirika ya kiraia kutoka pande zote za dunia yalikutana Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kujadili maandalizi ya Mkataba wa Zama Zijazo, yaani makubaliano ya nchi wanachama wa umoja huo kuhusu mustakabali wa dunia. Wakati huohuo mafuriko yalikuwa yamesomba watu na nyumba huko Mathare, na matingatinga yalikuwa yakibomoa zile zilizosalia kandokando ya mto. Mkataba ulipitishwa New York tarehe 22 Septemba mwaka huo, pamoja na Azimio kuhusu Vizazi Vijavyo. Yamo maneno mengi mazuri kutuhusu, lakini hayamlazimishi yeyote kumpa mama aliyebomolewa nyumba hata bati moja.

Tazameni pia fedha za tabianchi, yaani zile za kuzisaidia nchi maskini kukabiliana na mabadiliko ya hali ya hewa. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu zao wenyewe, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo. Novemba 2024, kwenye mkutano kama huo huko Baku, zikaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi za Afrika zilikuwa zimeomba trilioni 1.3. Bara linalotoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu duniani linakopeshwa pesa za kujikinga na moshi wa wengine, kisha linatozwa riba juu yake.

Na riba ya mikopo yetu, ya tabianchi na mingineyo, atalipa nani? Mwaka 2014 Kenya iliuza hatifungani ya kimataifa (hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji wa nje) ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Muda wa kuilipa ulipokaribia, Februari 2024, tulikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa asilimia 9.75 ili kusaidia kulipa ile ya kwanza, na deni hili jipya litafika hadi 2031. Aliyekuwa darasa la nne mkopo wa kwanza ulipochukuliwa ndiye aliyekuwa barabarani Juni 2024 akipinga Mswada wa Fedha uliotaka kutoza mkate ushuru. Wapo waliopigwa risasi katika maandamano yale na hawakurudi nyumbani. Ninaandika haya kwa uchungu, kwa sababu Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 201, inasema wazi kwamba mizigo na manufaa ya mikopo ya umma igawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Ni sheria hiyo, si hisani ya mtu, tunayodai itekelezwe.

Kwa hiyo ninasema hivi kwa wote wanaotuandalia vikao: leteni rasimu kabla haijachapwa, tena kwa Kiswahili, wiki kadhaa mapema. Maoni yakikataliwa, andikeni yamekataliwa na nani na kwa nini. Serikali nayo iweke hadharani masharti ya kila mkopo kabla ya kutia saini, kwani Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari hizo. Na ninyi mliowahi kuketi kwenye vikao vya namna hii, iwe Nairobi, Mombasa au Kisumu, tafadhali elezeni hapa: ni hoja gani mliyoitoa, na je, mliiona popote katika waraka wa mwisho?