Naomba ushauri: jina la jamii ya tango, boga na tikiti

Wadau, kipeperushi cha kilimo cha mzunguko (kupokezanisha mazao ya jamii tofauti shambani) kinahitaji jina moja la familia ya Cucurbitaceae: tango, tikiti maji, boga, mumunye, dodoki, karela, hata mkweme.

Wengi huandika "jamii ya maboga". Tatizo ni kwamba msomaji huelewa maboga peke yake, yaani jenasi ya Cucurbita, kundi moja dogo ndani ya familia hiyo. Anavuna maboga, anapanda tikiti palepale akidhani amebadilisha zao, kumbe nzi wa matunda na ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu), wanaoshambulia yote mawili, wanamsubiri. "Mimea itambaayo" ni mbaya zaidi, maana inaingiza viazi vitamu. "Vibuyu" nayo inagongana na buyu la mbuyu, mti usio na undugu nao kabisa.

Mimi naegemea "jamii ya matango na maboga", mazao yote yatajwe mara ya kwanza, kisha "kukurbiti", neno la kutohoa kutoka Cucurbitaceae, kwenye jedwali tu. Je, tuseme kukurbiti hizi au makukurbiti haya? Na huko kwenu mumunye ni lile liliwalo changa tu, au pia lile linaloachwa likauke litoe kibuyu?