Land Rover Series III: kuikarabati Zenith 36 IV, au kufunga Weber 34 ICH?

Mwanzisha mada (Iringa)
Wadau, habari za wakati huu. Gari langu ni Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, na bado lina kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) yake ya asili, Zenith 36 IV. Sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, moshi mweusi unatoka, na hata nikiizungusha skrubu ya mchanganyiko hadi mwisho injini haionyeshi tofauti yoyote. Fundi mmoja anataka tuikarabati, wa pili anasema nifunge kabureta ya Weber, na muuza spea ananishawishi ninunue Zenith mpya ya kunakiliwa kwa bei nafuu. Gari hili hupanda milima na mzigo karibu kila siku.

Fundi mstaafu (Tanga)
Ndugu, usinunue chochote kabla ya kuondoa shaka ya umeme, maana kabureta husingiziwa makosa mengi ya pointi na kondensa, vile vifaa vya kuwasha cheche ndani ya distribyuta. Mwanya wa pointi uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kisha kagua mpira wa hewa unaokwenda kwenye servo ya breki (kisaidizi cha kukanyagia breki), kama unayo, pamoja na gaskiti iliyo chini ya kabureta. Watu hupima uvujaji kwa kurashia petroli, jambo ambalo kwenye injini hii ni hatari kwa sababu manifoldi ya ekzosi iko chini yake moja kwa moja. Rashia maji, na sailensa ikibadilika utajua hewa inaingilia wapi.

Hayo yakiwa salama, basi skrubu isiyosikia inaelekeza kwenye ugonjwa unaojulikana wa Zenith hii, yaani mfuniko wa juu kupinda kutokana na joto na skrubu kukazwa kupita kiasi. Mfuniko ukipinda, injini huvuta petroli kupitia upenyo ulio kati ya mfuniko na bakuli bila kupita kwenye jeti (vitundu vya kupimia petroli), kwa hiyo skrubu haina tena inachokitawala. Ufungue, uulaze juu ya kioo kinene, na utazame kama mwanga unapita chini yake.

Mdau (Nairobi)
Mimi niko upande wa Weber. Muundo wake ni mwepesi, kuiweka sawa hakuhitaji fundi bingwa, na ulaji wa mafuta hupungua. Hata hivyo, mzee wa Tanga ataniunga mkono nikisema kwamba koo lake (njia ya hewa) ni jembamba, hivyo injini ikizungushwa sana mlimani ikiwa na mzigo utaona nguvu imepungua. Angalia pia kiungio cha mpira wa kichujio cha hewa: kikikaa vibaya, vumbi litaingia moja kwa moja kwenye silinda, na hasara yake ni kubwa kuliko petroli yote uliyookoa.

Mdau (Arusha)
Zenith za kunakiliwa hazilingani ubora. Ukiinunua, ifungue kwanza, uhakikishe mfuniko umenyooka na boya (linalodhibiti kimo cha petroli kwenye bakuli) liko kwenye usawa wake, kwa sababu upya wake si dhamana. Halafu tusisahau kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mchanganyiko huelekea kuwa mzito (petroli nyingi kuliko hewa) hata kwa kabureta nzima.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Pointi na mipira viko sawa. Mfuniko nimeulaza juu ya kioo: pembeni umegusa, lakini katikati karatasi ya daftari inapita bila kukwama.

Fundi mstaafu (Tanga)
Basi ikarabati, kwa kazi ya milimani Zenith iliyonyooka inaishinda Weber. Tandaza msasa laini juu ya kioo hicho, uloweshe mafuta kidogo, na usugue mfuniko taratibu kwa mwendo wa kuchora namba nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa, kisha upime na uso wa bakuli. Badilisha gaskiti, sindano ya boya na kile kipete kidogo cha mpira cha ndani, ambacho kikishabonyea huleta dalili hizi hizi. Jeti zipulizwe kwa upepo, zisichokonolewe kwa waya. Wakati wa kufunga, kaza skrubu kwa kupishana pande, kidogo kidogo, na uishie pale mkono unapohisi zimeshika.