"SI MNAAPDETI TU?" Huyu mwenye laibrari ya pamoja atatuzika

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, herufi zikipinda mnivumilie.

Jamaa mnamjua. Kila timu ina wa kwake: yule aliyekabidhiwa laibrari, msimbo wa pamoja unaotegemewa na ripo zote (hifadhi za msimbo wa kila programu). Jana usiku katoa toleo jipya, kutoka 4.2.6 kwenda 4.2.7. Namba ya mwisho tu, yaani karekebisha kihitilafu, tukalale. Kumbe ndani kafuta fankisheni nzima! Fankisheni inayoitwa na kila ripo, hadi ile ambayo hakuna anayekumbuka nani aliianzisha.

Asubuhi bildi zote, yaani ule ujenzi wa programu kutoka kwenye msimbo, nyekundu. Nyekundu mpaka skrini inatoa joto. Nikamuuliza kwenye grupu, kwa adabu: "Kaka, mbona 4.2.7 imevunja kila kitu?" Akajibu mbele ya mabosi, mbele ya kijana wa mafunzo aliyeingia juzi:

"Si mnaapdeti tu?"

SI. MNAAPDETI. TU. Na kaemoji ka kucheka pembeni.

Niapdeti niende wapi? Fankisheni mbadala iko toleo la 5, nalo linataka React 18, ile laibrari ya kutengenezea kurasa. Nusu ya ripo ziko React 17 kwa sababu ya laibrari ya fomu. Ukilazimisha, unapata React mbili kwenye ukurasa mmoja na huki zote (fankisheni maalumu za React) zinagoma. Halafu mtu na ndevu zake anaandika si mnaapdeti tu. Kaemoji kale, wakuu!

Kufuli_la_Shaba: Pole mkuu, ila package-lock.json, faili linalofungia matoleo, iko wapi? Ingekuwepo, 4.2.7 isingeingia bila kukaribishwa. Hako kakofia ^ mbele ya 4.2.6 kanaruhusu toleo lolote jipya zaidi lililo chini ya 5.

Mleta mada: Iko kwenye .gitignore, orodha ya mafaili yasiyohifadhiwa kwenye ripo. Eti "inaleta migongano". Aliyeitupa huko ni huyohuyo wa si mnaapdeti tu.

Cheka_Bildi: Mnatumia npm install kwenye seva ya bildi badala ya npm ci inayofuata hiyo kufuli, halafu mnakuja kulia huku 😂😂

Mleta mada: npm ci bila faili hilo inagoma kabisa. Soma uzi kwanza ndo ucheke.

Cheka_Bildi: Uzi mrefu. Si unafupisha tu?

Bibi_Tagi: Unganisheni zote ziwe ripo moja, kwisha habari.

Mchwa: Tuliunganisha. Zamani tulikuwa na ripo 20 zenye matoleo tofauti, sasa tuna folda 20 zenye matoleo tofauti.

Bibi_Tagi: Basi wekeni Renovate, roboti ya kuapdeti, ifungue maombi ya mabadiliko yenyewe.

Mchwa: Ipo. Inafungua, hakuna anayesoma.

Mkongwe_wa_Java: Watoto nyie. Desemba 2021 mlikuwa wapi? Log4j, laibrari ya kuandika logi, ina tundu la usalama: 2.15.0 imetoka kuliziba, tunapandisha ripo zote. Hatujamaliza, 2.16.0. Halafu 2.17.0. Halafu 2.17.1, mwezi uleule! Na ripo nyingine hazikuitaja Log4j popote, ilikuwa imejificha ndani ya laibrari ya laibrari.

Mleta mada: Shikamoo mkuu. Lakini wewe kuna aliyekuambia "si mnaapdeti tu"?

Mkongwe_wa_Java: Marahaba. Kila mtu.

Nyoka_Mpole: Afadhali nyie. Mimi nimeachiwa requirements.txt, orodha ya laibrari za Python, haina namba ya toleo hata moja. Majina matupu! Nikiiweka leo, mimi na aliyeiweka mwaka jana tuna programu mbili tofauti.

Kufuli_la_Shaba: Tumia Poetry ikusimamie matoleo.

Mchwa: Poetry ya nini siku hizi, tumia uv.

Bibi_Tagi: Conda.

Mchwa: Nani kamruhusu huyu?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Jamaa kaweka na kaemoji

Nyoka_Mpole: Kaka, fungua uzi wako, hapa tunaongelea Python. Mchwa, hiyo uv inasoma requirements.txt ya zamani au niandike upya?

Mchwa: Inasoma. Ila namba za mwaka jana utazitafuta mwenyewe.