Kibodi ya Bluetooth inagoma kwenye kompyuta ya mezani, naombeni msaada

Mwana_Tabora:
Wakuu habari zenu, leo siku ya tatu nimekwama. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows 10, Bluetooth ya ndani kwa ndani. Nikanunua kibodi na hedifoni zisizo na waya maana kazi yangu ni kuandika mahojiano, nasikiliza huku nachapa kutwa. Sasa kibodi inaonekana kwenye orodha, nikiibonyeza inaletwa namba ya tarakimu sita, nasubiri weee mwisho inasema imeshindikana nijaribu tena. Hedifoni ilikubali ila sauti inakatakata, nikiegemea kiti tu imepotea. Kwenye simu vyote vinapiga kazi safi. Draiva, ile programu ya kuendesha Bluetooth, nimefuta nikaweka upya mara mbili. Kazi ya watu ni Ijumaa jamani.

Kibarua77:
Piga Windows upya, yangu ilipona hivyo

Mzee wa Waya:
Mdogo wangu usipige Windows kwanza, utapoteza siku nzima na ugonjwa utaukuta palepale. Hiyo namba si ya kusubiria, unatakiwa uiandike kwa hiyo hiyo kibodi mpya halafu ubonyeze Enter, hata kama kwenye skrini huoni unachoandika, na ufanye haraka maana muda wake ni mfupi. Kabla ya hapo zima Bluetooth ya simu, kibodi ikishazoea simu kila ukiiwasha inakimbilia huko. Ifute kwenye orodha ya kompyuta, shikilia kitufe cha kuunganisha mpaka taa iwe inawakawaka, ndo uanze upya.

Hedifoni nahisi ni antena. Geuza boksi la kompyuta uangalie nyuma, kama kuna viungo viwili vya rangi ya dhahabu vyenye nyuzi za skrubu na viko vitupu basi umefika. WiFi na Bluetooth mara nyingi ni kadi moja na antena zao ni hizo hizo, na hizi mashine za mtumba antena zinapotea njiani, muuzaji hakwambii na pengine hata yeye hajui. Bila antena, bati la boksi linaziba mawimbi. Laptopu haisumbui hivyo kwa sababu antena yake imefichwa humo humo ndani, kwa kawaida pembeni ya skrini. Na je una hadidiski ya nje imechomekwa nyuma hapo? USB 3.0 inatoa kelele kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, na Bluetooth inapita humo humo.

Mwana_Tabora:
Mzee shikamoo! KIBODI IMEKUBALI, nimeandika namba nikapiga Enter hata sekunde haikupita, siku tatu zote nilikuwa naikodolea macho tu. Nyuma viungo viko vitupu kweli, viwili. Hadidiski ilikuwepo pembeni yake kabisa, nimeichomoa sauti ikatulia kidogo ila nikisimama inakata. Halafu nikiingia kwenye mkutano wa video sauti inageuka kama inatoka ndani ya debe, hiyo nayo ni antena?

Nuru_Pwani:
Hapana dada hiyo ni maiki. Hedifoni za Bluetooth nyingi maiki yake ikifunguliwa zinaacha sauti ya muziki zinahamia sauti ya simu, ndo inakuwa ya debe. Kwenye setingi za mkutano chagua maiki nyingine, hata ile ya kamera, hedifoni ibaki ya kusikilizia tu

Mzee wa Waya:
Marahaba. Kama una ruta ya zamani yenye antena za kufungua, fungua moja ujaribishe, nyingi zina kiungo kile kile cha skrubu, kinaitwa RP-SMA. Ila usilazimishe, inatakiwa izunguke kwa vidole tu, ikikataa achana nayo, piga picha kiungo upeleke dukani. Hadidiski irudishie tundu la mbele, mbali na antena.

Mwana_Tabora:
Antena ya ruta imeingia! Nimetoka na hedifoni hadi jikoni, nimechemsha chai nimerudi, mahojiano hayajakata hata neno. Asante sana mzee, na wewe Nuru. Narudi kazini, zimebaki dakika 48 za kuandika.