Takwimu za sonona baada ya Corona: tunaweza kulinganisha Uganda na nchi nyingine?

Kyaka_Afya
Habari zenu ndugu. Tunaandaa dodoso la afya ya akili kwa wakimbizi wa Kongo na wenyeji wao huko Kyaka II, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, tuone Corona imeacha nini. Mfadhili anataka matokeo yetu yawekwe kando ya yale ya Uingereza na Japani. Tumechagua PHQ-9, yale maswali tisa ya sonona, kwa Kiswahili. Je, ulinganisho huo unasimama? Na ni wapi tutateleza?

Mpimaji
Kabla ya kuweka namba kando ya namba, ulizeni kila moja imetoka wapi. Makadirio yanayonukuliwa sana, ya jarida la Lancet mwaka 2021, yanasema janga liliongeza wagonjwa milioni 53.2 wa sonona kali na milioni 76.2 wa wasiwasi duniani katika mwaka 2020. Yanahusu nchi na maeneo 204, lakini tafiti 48 zilizotumika zilitoka hasa Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini. Kwingine walikadiria kwa kutazama kasi ya maambukizi na jinsi watu walivyopunguza kutembea. Kwa hiyo tarakimu ya Uganda humo haikutoka kinywani mwa Mganda.

Tena wakati wa kupima una uzito wake. Japani, idadi ya waliojiua ilishuka miezi ya kwanza, kisha ikapanda kuanzia Julai 2020, hasa kwa wanawake. Aliyepima Mei na aliyepima Oktoba watakuletea Japani mbili.

Kwetu shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote. Kwa wakimbizi, mgao wa chakula ulikatwa asilimia 30 Aprili 2020, na Februari 2021 ukabaki asilimia 60 ya mgao kamili. Ongezeni maswali kuhusu shule, kipato cha siku, mgao na mazishi, la sivyo mtapata alama ya huzuni bila kujua imeletwa na nini. Na kama hamna kipimo cha kabla ya 2020, msiandike "Corona imesababisha". Watu hawa walifika na vita mioyoni.

Mfasiri_Magharibi
Mtakapoteleza kwanza ni kwenye majibu yenyewe. Jibu la tatu likiandikwa "zaidi ya nusu ya siku", mama atafikiri unauliza tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hesabuni siku za wiki mbili zilizopita: mpeni maharage 14, atenge siku alizosumbuliwa. Siku 0–1 ni alama 0, siku 2–6 ni 1, siku 7–11 ni 2, siku 12–14 ni 3.

Swali la 5, hamu ya kula: mwenye njaa atajibu kwamba hakula. Ulizeni, "Chakula kikiwepo, unatamani kula?" Swali la 7 linataja kusoma gazeti na kutazama televisheni, wekeni kufuatilia mazungumzo au kuhesabu chenji sokoni.

Wafasiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, kisha wakae walinganishe. Wa tatu, ambaye hajaona maswali ya asili, airudishe tafsiri katika lugha ya kwanza. Halafu wasomeeni watu kumi hivi, mkiuliza, "Umeelewaje?" Wafasiri watoke Ituri na Kivu, maana Kiswahili cha huko si cha Unguja.

Mpaka wa alama 10 kati ya 27, ambao kuanzia hapo mtu huhesabiwa kuwa huenda ana sonona, ulitokana na kupima wagonjwa wa Marekani. Msiuchukue hivihivi: afisa tabibu wa akili azungumze na sehemu ya waliojibu bila kuona alama zao, ndipo mjue mpaka wenu.

Kyaka_Afya
Asanteni sana. Na swali la 9, la kutamani kufa? Wengine wanashauri tuliondoe.

Muuguzi_wa_Akili
Likiondolewa, mnaowaacha ni wale wanaohitaji msaada kuliko wote. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Ila ulizeni faraghani: kujaribu kujiua kumekuwa kosa katika sheria ya jinai ya Uganda, na mtu akihisi habari itafika polisi atanyamaza.

Jibu lolote zaidi ya 0, acheni dodoso. Muulizeni siku hiyohiyo kama ana mpango na ana njia. Akiwa navyo, asiachwe peke yake; familia itoe nyumbani dawa za kunyunyizia mimea na kamba. Kabla hamjaanza, thibitisheni kama kituo cha afya cha daraja la nne kilicho karibu kina muuguzi wa akili. Kama hakina, pangeni usafiri hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Butabika, hospitali ya taifa ya akili huko Kampala, ni mbali mno kuwa mpango wa kwanza.

Kwa wenye dhiki isiyofikia hapo, kuna Self-Help Plus, mafunzo ya kukabili msongo ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Ilijaribiwa Rhino Camp, makazi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini: vikao 5 vya sauti iliyorekodiwa, kundi la watu 20 hadi 30, viongozi wasio wataalamu. Dhiki ilipungua hata miezi mitatu baadaye. Rekodi zile zilikuwa za Kiarabu cha Juba, kwa hiyo tengeni muda na fedha za kurekodi kwa Kiswahili cha watu wenu.