Ni nini kilichoiangusha Commodore?

Mwanafunzi, Chake Chake:
Assalamu alaykum. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilipendwa mno majumbani. Imekuwaje basi kampuni yake ikafilisika mwaka 1994?

Fundi, Darajani:
Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mwanzilishi wake, Jack Tramiel, alihitilafiana na mwenyekiti Irving Gould akaondoka Januari 1984. Mwaka huohuo kampuni ikatoa kompyuta mpya, Plus/4, ambayo haikuweza kuendesha programu za Commodore 64, hivyo mteja aliyekwisha kununua michezo na kanda zake hakuwa na sababu ya kuhamia huko. Kosa hilo halikuwa la mafundi hata kidogo.

Mwalimu, Wete:
Naafikiana nawe, Fundi, ila linaloniuma zaidi ni Amiga, kompyuta nyingine ya Commodore ya 1985: rangi 4,096, sauti ya njia nne, uwezo wa kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, kisha wakubwa wakashindwa kuinadi.